Shaba Ilikuwa ya Nani? Kongo ya Lumumba na ya Simba katika Maneno ya Kiswahili

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ililifuta jina la Katanga na kuliita jimbo hilo Shaba. Jina hilo lilidumu hadi 1997. Sisi walimu wa Kiswahili tunapenda kulitaja jambo hili darasani, kwani ni nadra neno letu la kawaida, tena la madini, kupewa eneo lenye ukubwa wa takriban mara mbili ya Uganda. Wanafunzi hutabasamu, kisha tunaendelea na ngeli. Swali ambalo kwa kawaida halifuati ni hili: hiyo shaba ilikuwa ya nani?

Katika makala hii tunakusudia kulishughulikia swali hilo kwa kuipitia Kongo ya kati ya 1960 na 1967, na hasa kwa kuyatazama maneno ya Kiswahili waliyoyatumia watu waliokuwamo. Tuna sababu mbili. Kwanza, tangu Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wengi wetu tunakutana na wasemaji wa Kiswahili cha Bukavu, Bunia na Lubumbashi kuliko zamani, na bado wapo kati yetu wanaokiita Kiswahili chao "kibovu". Pili, kila tunapofundisha msamiati wa siasa, yaani ubeberu, unyonyaji, tabaka, ukombozi, tunautolea mifano kutoka Dodoma na Dar es Salaam tu, kana kwamba upande wa pili wa Ziwa Tanganyika hakukuwa na mtu aliyenyonywa kwa Kiswahili.

Kampuni iliyokuwa baba

Kiswahili kilifika Katanga kabla ya Mbelgiji. Msiri, mfalme wa Garenganze aliyekaa Bunkeya, alikuwa na asili ya Unyamwezi, na biashara yake ya pembe, watumwa na shaba ilielekea pwani zote mbili, ya mashariki na ya magharibi. Tarehe 20 Desemba 1891 aliuawa kwa risasi na ofisa wa msafara wa Kapteni Stairs, uliotumwa kwa maslahi ya Mfalme Leopold II. Wapagazi wengi wa msafara huo waliandikwa Zanzibar. Kwa hiyo aliyeuawa alikisikia Kiswahili, na waliobeba mizigo ya waliomuua walikisema pia. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani lugha yetu ilikuwa siku zote upande wa wanyonge.

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Kilichokosekana ni watu. Wafanyakazi walitafutwa Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, hata Rwanda na Urundi. Watu hao hawakuwa na lugha moja. Katika kambi za kampuni Kiswahili kikawa lugha ya zamu, ya posho, ya shule za mwanzo na hatimaye ya mama na mtoto. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliamua kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake zao badala ya kuwabadilisha kila baada ya miezi michache. Iliwapa nyumba, chakula, zahanati na shule, na ikawaangalia mchana na usiku. Ndipo wafanyakazi wakaiita kampuni baba na mama. Lilikuwa jina la shukrani na la kulalamika kwa pamoja, maana baba hupa na baba hupiga.

Desemba 1941 baba alipiga. Vita vilikuwa vimepandisha bei ya vitu na vimeongeza kazi, kwani mataifa yaliyopigana na Hitler yalihitaji shaba ya Katanga. Wafanyakazi wa Kiafrika waligoma wakidai mishahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, askari wakawafyatulia risasi. Walikufa makumi ya watu, akiwamo Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake. Wakati huohuo madini ya urani ya Shinkolobwe, mgodi wa kampuni hiyohiyo, yalikwisha kusafirishwa Marekani, na ndiyo yaliyotoa sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945. Mtu akiuliza kwa nini dola kubwa ziliishughulikia sana Kongo mwaka 1960, jibu moja lipo hapo.

Siku sabini za Lumumba

Patrice Lumumba alizaliwa mwaka 1925 Onalua, katika Kasai, akawa karani wa posta Stanleyville, mji ambao leo ni Kisangani. Kiswahili alikijua, pamoja na Kitetela, Kilingala na Kifaransa. Chama chake, MNC, kilianzishwa Oktoba 1958, na Desemba mwaka huo alihudhuria mkutano wa watu wa Afrika yote mjini Accra. Uhuru ulipopatikana tarehe 30 Juni 1960 yeye alikuwa waziri mkuu na Joseph Kasavubu rais.

Ikumbukwe kwamba Lumumba hakutaifisha hata mgodi mmoja. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wanafunzi huandika kwamba aliuawa kwa kuwa alichukua migodi. Hakuwahi kupata nafasi hiyo. Siku chache kabla ya uhuru Wabelgiji waliivunja Kamati Maalumu ya Katanga, chombo ambacho kupitia kwake dola mpya ingerithi sauti kubwa ndani ya Union Minière. Nchi ilikabidhiwa bendera, na ufunguo wa ghala ukabaki mfukoni mwa mwenyewe. Jeshi nalo lilibaki chini ya Jenerali Janssens, Mbelgiji, ambaye aliwaandikia askari ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawasawa na baada ya uhuru. Askari waliasi tarehe 5 Julai. Ni vigumu kupata mfano mfupi zaidi wa somo la ukoloni mamboleo: mstari mmoja wa chaki, na nchi ikawaka.

Tarehe 11 Julai Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga. Nyuma yake walikuwako maofisa wa Kibelgiji, na Union Minière ikaanza kulipa kodi zake kwake badala ya kuzipeleka Léopoldville. Agosti Kasai Kusini, yenye almasi, ilijitenga pia chini ya Albert Kalonji. Serikali ya Lumumba ikabaki na wizara, redio na hazina tupu. Umoja wa Mataifa ulileta majeshi lakini haukutaka kuingia Katanga kwa nguvu, na Lumumba alipoomba ndege na malori kutoka Urusi ya Kisovieti, jina la mkomunisti likamganda. Uchunguzi wa Baraza la Seneti la Marekani mwaka 1975 ulibainisha kwamba Septemba 1960 shirika la ujasusi la nchi hiyo lilipeleka sumu Léopoldville kwa ajili yake. Haikutumika. Tarehe 5 Septemba Kasavubu alimfukuza kazi. Tarehe 14 Kanali Mobutu akatwaa madaraka. Mapema Desemba Lumumba alikamatwa akielekea Stanleyville. Tarehe 17 Januari 1961 alipelekwa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakauawa usiku huo mbele ya viongozi wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji. Mwaka 2002 serikali ya Ubelgiji iliomba radhi. Mwaka 2022 ilirudisha jino lake, kwani mwili wenyewe uliyeyushwa kwa asidi.

Hata hivyo, mkono wa nje hauelezi kila kitu. Tshombe hakuokotwa barabarani. Alikuwa mtoto wa mfanyabiashara tajiri, na chama chake, Conakat, kilianzishwa mwaka 1958 na watu waliojiona wenyeji halisi wa Katanga dhidi ya "wageni" kutoka Kasai. Wageni hao ndio waliojaza kambi za migodi. Wakati wa kujitenga maelfu kwa maelfu yao walikimbilia kambi ya wakimbizi iliyolindwa na Umoja wa Mataifa pembeni mwa Elisabethville. Tabaka la wafanyakazi ambalo mwaka 1941 lilisimama pamoja uwanjani lilikuwa limepasuliwa kwa kabila, na waliolipasua walijua wanachofanya.

Maji, simba na makarani

Msemo wa "uhuru wa pili" ulisikika kwanza kwa wakulima wa Kwilu, magharibi mwa Kongo, mbali na Kiswahili. Maana yake ilikuwa wazi: uhuru wa kwanza waliupata makarani. Waliokaa ofisini kabla ya 1960 walihamia kwenye nyumba na magari ya Wazungu, na mkulima akabaki na pamba yake na kodi yake. Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu wa Lumumba na baadaye akapata mafunzo China, alianza vita huko Kwilu Januari 1964. Upande wa mashariki Gaston Soumialot aliandaa vyake kutoka Bujumbura. Uvira iliangukia mikononi mwa wapiganaji wake Mei, Albertville Juni, na tarehe 5 Agosti Stanleyville. Mwezi uliofuata Christophe Gbenye alitangaza huko Jamhuri ya Watu wa Kongo.

Wapiganaji hao walijiita Simba, kwa Kiswahili. Walinyunyiziwa maji ya dawa na kupewa miiko, na wakienda vitani walipaza sauti wakilitaja jina la Mulele pamoja na "mai", wakiamini kwamba risasi zitageuka maji. Mwalimu yeyote aliyefundisha habari za Vita vya Maji Maji vya 1905 atasimama hapa. Hatudai kwamba dawa ya Kinjikitile ilivuka ziwa. Tunachosema ni kwamba neno lilelile lilibeba tumaini lilelile kwa watu wasio na silaha za kutosha.

Adui naye alikuwa na jina. Chama cha PNP, kilichoungwa mkono na Wabelgiji kabla ya uhuru, kilitungiwa kwa Kilingala maana ya "penepene na mundele", yaani karibu na Mzungu. Mwaka 1964 neno hilo halikuwa tena la chama. Karani, mwalimu, mtu mwenye shati safi na kalamu mfukoni aliweza kuitwa PNP, na kuitwa hivyo kulitosha. Mjini Stanleyville watu wengi waliuawa mbele ya mnara wa kumbukumbu ya Lumumba. Katika maeneo yote yaliyoshikwa na Simba waliouawa walikuwa maelfu, na wengi wao walikuwa watu waliosoma.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wenzetu wanaosimulia habari za Simba kama kisa cha mashujaa na mabeberu tu. Mabeberu walikuwapo, hilo halina ubishi. Tshombe, ambaye kujitenga kwake kulishindwa Januari 1963, alirudishwa Julai 1964 kuwa waziri mkuu wa Kongo nzima. Aliajiri mamluki wa Mike Hoare, na ndege zilirushwa na marubani Wakuba waliomkimbia Castro, wakilipwa na Marekani. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Kibelgiji waliangushwa Stanleyville kutoka ndege za Marekani ili kuwaokoa Wazungu walioshikwa mateka, na jamhuri ile ikavunjika. Lakini tazama ramani. Simba waliwaua makarani wa Stanleyville na Kindu. Shaba ilikuwa Kolwezi, Jadotville na Elisabethville, nao hawakufika huko kamwe. Mgodi haukusimama. Wenye njaa kuliko wote hawakuwa karibu na utajiri, na waliokuwa karibu na utajiri walikuwa na nyumba ya kampuni ya kupoteza. Hasira ya tabaka ilimwangukia aliyekuwa jirani, naye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi.

Sisi wa Uganda tuna ukurasa wetu katika kitabu hiki, ingawa haupendwi. Serikali ya Obote iliwasaidia wapiganaji wa Jenerali Olenga, na mtu wa kati alikuwa ofisa wa jeshi Idi Amin. Silaha zilikwenda, dhahabu na pembe zikaja. Februari 1966 mbunge Daudi Ocheng alilipeleka jambo hilo bungeni. Kabla mwezi haujaisha mawaziri watano walikuwa wamekamatwa na katiba imesimamishwa. Hivyo mali ya Kongo haikuangusha serikali ya Kongo peke yake.

Kamusi ya Tatu

Tarehe 24 Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kutoka Kigoma pamoja na Wakuba wachache, na wengine wakafuata hadi wakazidi mia. Ili kuficha majina walipewa namba za Kiswahili kutoka kamusi. Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe, aliyekuwa mkuu wao wote, akawa Tatu. Tunapowafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kuhesabu, kisa hiki huwafaa sana.

Kisa chenyewe hakikuwa cha kuchekesha. Kikosi kilishambulia Bendera mwishoni mwa Juni kikashindwa. Viongozi wa mapinduzi walikuwa mara nyingi Dar es Salaam au Cairo, na kijana Laurent Kabila, ambaye angekuja kuwa rais mwaka 1997, alionekana kwa nadra ufukweni. Che alijitahidi kujifunza Kiswahili, na aliandika kwa masikitiko kuhusu dawa na kuhusu wapiganaji waliokataa kubeba mizigo wakisema wao si magari. Walikanusha kwa "hapana" pale ambapo sisi tungesema "si". Mwalimu mkali atachukua kalamu nyekundu. Sisi tunaona kwamba mtu huyo, ambaye baba yake pengine alibebeshwa mizigo ya dola kwa kiboko, alikuwa ametoa hoja ya kitabaka iliyo kamili kuliko hotuba nyingi. Mgeni aliisikia kama uvivu. Aliondoka tarehe 21 Novemba 1965, na siku tatu baadaye Mobutu akapindua serikali.

Mapinduzi mawili, neno moja

Lugha yetu hapa inatuletea taabu. Kitendo cha Mobutu tunakiita mapinduzi, na alichokitaka Mulele pia tunakiita mapinduzi. Mobutu aliufaidi utata huo bila hata kujua Kiswahili vizuri: chama chake cha 1967 aliita cha mapinduzi, kwa Kifaransa. Tarehe 1 Januari 1967 aliitaifisha Union Minière, jambo ambalo Lumumba hakulifanya. Wiki tano baadaye, tarehe 5 Februari, likatolewa Azimio la Arusha, na mabenki ya Tanzania yakataifishwa. Msomaji anayeangalia tarehe tu ataona ndugu wawili. Tofauti ilikuwa katika mkataba: mwaka huohuo kazi ya kuendesha migodi na kuuza shaba ya Kongo ilikabidhiwa kampuni nyingine ya kundi lilelile la Kibelgiji, kwa malipo yaliyokatwa kwenye mauzo. Mali ilikuwa ya dola kwa karatasi. Mulele, aliyeshawishiwa kurudi kwa ahadi ya msamaha, aliuawa mwaka 1968.

Tanzania ilikuwa na jambo ambalo Kongo haikuwa nalo, nalo ni msamiati. Bepari, neno la Kigujarati la mfanyabiashara. Kabaila, lililotokana na Kiarabu cha ukoo. Beberu, dume la mbuzi. Kupe, mirija, unyonyaji: maneno haya yalipigwa chapa, yakasomwa redioni, yakafika kiwandani. Na yalipofika, wafanyakazi wa Dar es Salaam waliyatumia dhidi ya mameneja wao wenyewe, katika migomo iliyofuata Mwongozo wa TANU wa 1971, hadi serikali iliyoyatoa ikaona yamezidi. Kambini Katanga maneno yalikuwa bwana, baba, kazi, posho. Kwa maneno hayo mtu anaweza kulalamika kwa uchungu mkubwa, lakini ni vigumu kuitisha mkutano.

Hilo halina maana kwamba Wakatanga hawakuifikiria hali yao. Mwaka 1965, katikati ya hayo yote, André Yav, mtumishi wa nyumbani, aliandika kwa ajili ya chama cha watumishi wenzake historia ya mji wa Elisabethville, kwa Kiswahili cha huko kilichochanganyika na Kifaransa. Ni historia ya mji inayosimuliwa na aliyepika, aliyefua na aliyesikiliza mlangoni. Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, naye wa Lubumbashi, alimchorea Fabian picha mia hivi za historia ya nchi yake katika miaka ya 1973 na 1974, akizieleza moja moja kwa Kiswahili. Yumo Lumumba, umo na mgomo wa wafanyakazi. Katika idara nyingi tunazozijua, kazi hizi mbili hazimo katika orodha ya matini za kusoma, kwa sababu hazina upatanisho wa kisarufi tunaoudai. Tunapendekeza ziingizwe, angalau katika somo la lahaja, na mwanafunzi kutoka Lubumbashi apewe kazi ya kuzisoma kwa sauti.

Kampuni iliyotaifishwa, Gécamines, ilitoa takriban tani 470,000 za shaba mwaka 1986. Mwaka 1994 haikufika tani 50,000. Mwaka 2003 na 2004, chini ya mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondolewa kazini kwa malipo ya mara moja, mpango ukiitwa wa kuondoka kwa hiari. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu alikwisha kuandika mwaka 2001 kitabu juu ya familia za migodini, kwa Kifaransa, lakini maneno mawili ya kwanza ya jina lake aliyaacha katika Kiswahili cha kambini: Bana Shaba. Jina lililobaki linasema kwamba watoto hao wameachwa na baba yao.